Jua la Ijumaa Juu ya Mawingu

Nyumbani kwetu Nyanchwa, Sabato iliingia kwa ndege.

Najua maneno hayo yanavyosikika kwa mtu asiyemjua mume wangu, kwa hiyo nitaeleza pole pole. Sisi ni Waadventista, na Sabato huanza Ijumaa jua linapotua. Kufikia hapo vyombo viwe vimeoshwa, nguo za kanisani zimepigwa pasi, na chakula cha kesho kiko jikoni kimefunikwa. Watu wa sehemu nyingine huchungulia tu nje wakaona jua limefika wapi. Sisi tulikuwa tumepanga nyumba inayotazama bonde la mji wa Kisii, ambako mvua huanza baada ya chakula cha mchana, na hata ikikatika, mawingu hubaki yameulalia mji mpaka giza liingie. Mtu aliyetaka kuona machweo alihitaji bahati au ndege, na mume wangu alikuwa na ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye kona ya sebule, baina ya kabati la vyombo na dirisha. Alikuwa na kijiti cha kuongozea alichoagiza kutoka Nairobi, pedali mbili za miguu alizozipigilia kwenye ubao zisiteleze, na kioo kikubwa kilichomeza meza yote niliyokuwa nimeitengea cherehani yangu. Cherehani ikahamia chumbani. Nilinuna wiki nzima. Yeye alikuwa mwalimu wa jiografia, mimi mwalimu wa Kiswahili, katika shule mbili tofauti, na sikuona kwa nini jiografia ipewe meza na Kiswahili kiende kushonea kitandani.

Kila Ijumaa jioni aliirusha ndege kutoka Suneka, kiwanja kidogo cha hapa kwetu, akapanda akayapasua mawingu mpaka akatokea juu yake, kisha akaielekeza magharibi, upande wa ziwa. Programu yake ilifuata saa ya kweli na mahali pa kweli, kwa hiyo jua lililokuwa likitua kwenye kioo ndilo lililokuwa likitua nyuma ya mawingu yetu. Alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapima nafasi iliyobaki chini ya jua kwa upana wa vidole, jinsi babake alivyomfundisha kupima shambani. Nilimwambia kidole mbele ya kioo cha kompyuta si kipimo cha kitu chochote. Akaniambia niwaachie wenyewe jiografia yao.

"Mwalimu, vidole viwili," alinipazia sauti. Nami nikajua nina muda wa kuimalizia mboga ya chinsaga ikaiva vizuri. Akisema kidole kimoja, nilianza kukimbia.

Jua likishazama, aliizima mashine palepale, ndege ikiwa angani, kwa sababu kutua ni kazi na Sabato imeshaingia. Nilimuuliza siku moja abiria wake wanalala wapi. Akasema wako mikononi mwa Mungu mpaka Jumamosi jioni, pazuri kuliko uwanja wowote wa ndege. Kisha akaifunika mashine kwa leso yangu kuukuu, tukaimba wimbo mmoja, tukala. Kalenda ya kanisa ilikuwa ukutani na saa zote za machweo zimeandikwa. Simu zetu nazo zilijua. Yeye alisema saa iliyoandikwa ni habari ya jua, na yeye anataka jua lenyewe.

Tulikuwa tukisema haya yote kwa Ekegusii. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha, na kwa sababu kwa Ekegusii yananiuma zaidi.

Kuhusu mawingu lazima niseme kidogo, maana ndiyo yaliyokuwa wazimu wake. Wenzake wachache wanaopenda mambo haya, aliokuwa akiandikiana nao mtandaoni, walipenda ndege: injini, taa, vifungo. Kwa mume wangu, ndege ilikuwa gari tu la kumfikisha kwenye mawingu. Programu yake ya kwanza, ya miaka ya nyuma, ilikuwa na mawingu bapa, vipande vya picha vilivyoning'inizwa hewani. Ukiyakaribia yaligeuka kukutazama, na ukiyaingia yalitoweka ukajikuta upande wa pili. Alivumilia hivyo kwa muda mrefu. Halafu ikaja programu mpya yenye mawingu yenye kina. Alinieleza kwamba sasa kompyuta hailichori wingu, bali huijaza hewa ukungu, hapa mwingi, pale kidogo, kisha hukokotoa mwanga wa jua umepenya kiasi gani kila mahali. Ndiyo maana tumbo la wingu lilikuwa jeusi na kingo zake zikawaka, na kivuli chake kikatembea juu ya mashamba ya chai.

Siku alipoingia ndani ya wingu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeketi naye, kikombe cha chai mkononi. Madirisha ya ndege yaligeuka kijivu, bawa likapotea, matone yakaanza kuteleza kwenye kioo. Ikawa hivyo kwa kitambo, hakuna juu wala chini. Kisha tukatokea kwenye mwanga, na chini yetu mawingu yakatandazika mpaka mwisho wa macho. Nilimgeukia nimwambie ni mazuri, nikamkuta analia.

Alizaliwa Manga, kwenye shamba linaloishia ukingoni, pale ardhi inapokatika ghafla na nchi yote ya chini ikabaki wazi mpaka ziwani. Asubuhi ukungu hujaa bondeni, na mtu aliyesimama ukingoni huuona kutoka juu. Alikuwa akisema darasani kwao watoto wote walijua mawingu yana tumbo, ila yeye ndiye aliyejua yana mgongo. Hajawahi kupanda ndege hata siku moja maishani mwake. Mgongo huo aliuona utotoni, na sasa alikuwa ameuona tena akiwa mtu mzima mwenye mvi, sebuleni kwake, amevaa ndara.

Wivu wangu uliisha siku hiyo. Nilikuwa nimeolewa na mtu huyo miaka mingi, nikadhani namjua.

Lakini hakuridhika. Programu ilichota hali ya hewa kutoka mtandaoni, na habari za karibu zilitoka kiwanja cha Kisumu. Kwetu huku milimani ilikuwa ikikisia. Mvua ya mawe ikawa inatupigia mabati mpaka hatusikilizani, na kwenye kioo Kisii kuna jua na vijiwingu vitatu vyeupe. Vijiwingu hivyo aliviita mawingu ya harusi. Ni mapambo, alisema, yamewekwa ili mgeni afurahi, na hayana nia ya kunyesha. Yeye alilitaka wingu la Manga: lile linalojijenga juu ya ziwa mchana, likaja likiwa na tumbo lililonyooka sawasawa, la rangi ya maji ya kuoshea sufuria, likaupanda ukingo na kumwagika upande wa pili juu ya chai. Kwa hiyo akaamua kulitengeneza mwenyewe. Programu iliruhusu: unachagua wingu lianzie urefu gani, liwe zito kiasi gani, upepo utoke wapi. Kila tulipokwenda nyumbani Manga alisimama ukingoni akatazama, halafu tukirudi Nyanchwa anaketi kusogeza vipimo. Mimi nilikuwa shahidi. Aliniita, akaniuliza kama tumbo lake limenyooka vya kutosha, au kama weupe wa juu haujazidi. Nilisema ndiyo ili nirudi kusahihisha insha zangu, naye alijua, akaniita tena.

Sasa nikikumbuka, aliniita mara nyingi zaidi mwaka ule wa mwisho. Nilidhani amezidi kuwa mtu wa kuchagua.

Kulikuwa na dalili nyingine ambazo hatukuzisoma. Tukienda Manga alianza kusema ukungu wa msimu huu umekuwa mzito. Hakuna mtu Manga atakayebishana nawe kuhusu ukungu. Unatoka mlangoni asubuhi hulioni zizi, na unajua kufikia wakati wa chai ya saa nne utaliona, basi. Mama mkwe alikubaliana naye kwamba umezidi. Jirani alikubali. Mimi pia nilikubali, na macho yangu yalikuwa mazima. Alijigonga kwenye kabati la vyombo upande ule ule, tena na tena, akaliona kabati ndilo lenye makosa. Alimwaga chai pembeni ya kikombe. Dereva wa bodaboda alimpita karibu mno akamrushia matope, naye akarudi nyumbani anafoka kwamba vijana hawa hutokea hewani tu. Yote hayo yalikuwa na maelezo yake, na maelezo yake yalikuwa ya kawaida.

Halafu ikaja ile Ijumaa.

Mvua ilikuwa imekatika mapema. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wimbi, nikingoja kuambiwa vidole vingapi, na siambiwi. Nikapaza sauti kuuliza. Akajibu kwamba bado anapanda, mawingu ya leo hayana mwisho, ameshafika juu kabisa ndege ile inakoweza kufika na bado hajatokea kwenye ukungu. Nilikwenda mlangoni na mwiko mkononi. Kwenye kioo anga lilikuwa wazi. Mawingu yalikuwa mbali chini, na jua lilikuwa pale mbele yake, kubwa, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, limebakiza kidole kimoja au chini yake.

Nilicheka. Nilidhani ananitania ili ugali uungue. Nikamwambia jua si hilo linakutazama.

Aligeuza kichwa pole pole, kulia, kushoto, mpaka akalipata. "Aa," akasema. "Hilo." Kisha akaizima mashine kabla jua halijatua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wimbo tuliimba, lakini niliimba karibu peke yangu.

Jumapili aliamka na hasira na programu. Alisema wameibadilisha, wameongeza ukungu ili picha zao zionekane za kweli zaidi, na wamezidisha. Aliwaandikia wenzake wa mtandaoni. Wakamwambia wao hawaoni ukungu wowote, pengine kadi yake ya picha imechoka. Akabadilisha kadi ya picha. Akabadilisha kioo. Akafuta programu yote akaiweka upya, na mtandao wetu ulivyokuwa ukikatika, kazi hiyo ilikula siku kadhaa. Mimi nilimsaidia kushika tochi nyuma ya meza. Nilianza kuogopa, nikaiita hofu yangu majina mengine. Nikamwambia labda ni miwani. Akabadilisha miwani pia.

Jumapili moja, baada ya chai ya asubuhi, aliniomba niketi kwenye kiti chake. Alivuta kigoda akakaa karibu nami. Akaniambia niiweke ndege juu ya Manga, adhuhuri, kisha niondoe hali ya hewa yote: mawingu, mvua, upepo, vumbi, kila kipimo nikishushe mpaka chini kabisa. Nilishusha kimoja baada ya kingine, nikimsomea jina la kila kimoja. Anga likabaki bluu tupu, bluu ambayo haijawahi kuonekana Kisii tangu dunia iumbwe. Ukingo wa Manga ulikuwa wazi kama umekatwa kwa kisu, na ziwa kule mbali lilimetameta.

Aliinama mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Umeshaondoa?"

"Nimeshaondoa."

"Kila kitu, Mwalimu?"

"Kila kitu."

Alirudi nyuma akaegemea ukuta. "Ukungu bado upo," akasema.

Nilimshika goti. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi, na jua lilikuwa kali kuliko kawaida. Tulikaa hapo mpaka chai iliyobaki kwenye vikombe ikaganda utando.

Watu wote walituambia ni mtoto wa jicho. Kila mtu alikuwa na shangazi au mjomba aliyetolewa mtoto wa jicho akarudi anasoma Biblia bila miwani. Tulikwenda hospitali ya macho tukiwa na matumaini kiasi hicho, nami nikiwa nimeshapanga kichwani tutakavyolicheka jambo hili. Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa wanafunzi wetu wa juzi juzi, mpole sana. Alimwangalia kwa mashine moja, akamwangalia kwa nyingine, akampa kitufe abonyeze kila aonapo nuru pembeni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliziona nuru zikija, kushoto, kulia, juu, na kidole chake kikiwa kimetulia juu ya kitufe, kikingoja.

Ilikuwa presha ya macho. Imekuwepo miaka mingi, daktari alisema, haiumi, haipigi hodi. Inakula pembeni kwanza, na mtu haoni kwamba haoni, kwa sababu ubongo hujazia pale palipoliwa. Siku anapogundua, kinachobaki ni tundu la katikati, nalo limeshaanza kufifia. Alimwandikia dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Mume wangu alimuuliza, kwa adabu kama anauliza swali darasani, kama kilichokwenda kinaweza kurudi. Daktari alisema hakirudi.

Njiani kurudi aliongea mara moja tu. Alisema yeye ndiye mjinga wa kwanza duniani kupofuka akadhani ni hali ya hewa. Nilimwambia sisi sote wa Manga tulidhani hivyo. Akasema ndiyo, lakini yeye ndiye anayelipwa kuifundisha. Nilitamani kucheka naye, maana alikuwa ananirushia mzaha niudake, na sikuweza.

Matone aliyatia kwa uaminifu. Nilimtilia mimi, asubuhi na jioni, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Lile tundu likazidi kuwa dogo hata hivyo. Alirudi darasani muhula mmoja. Alizijua ramani kwa moyo, aliweza kuzichora ubaoni bila kuangalia, lakini wanafunzi wa viti vya pembeni waligundua kwamba hawaonekani. Hawakumfanyia ubaya. Walikuwa wakijitaja majina kabla ya kujibu, wenyewe, bila kuambiwa na mtu, naye aliponisimulia hilo alivunjika kabisa. Aliomba kustaafu mapema.

Kabla hajahamia Manga aliniomba jambo moja. Alitaka kuliona wingu lake, lile la Manga, kama lilivyokuwa siku alipoliacha. Nililifungua. Nikaipeleka ndege mpaka mbele ya ukingo nikaisimamisha hewani, nikasimamisha na saa, kila kitu kikatulia. Aliliangalia kwa lile tundu lililobaki. Hakuweza kuliona lote kwa pamoja, kwa hiyo alianzia kona ya chini, akafuata tumbo lake kutoka kushoto hadi kulia, akapanda kidogo, akarudi, mstari kwa mstari, uso wake ukitembea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikatia unyevu juu yake. Mimi nilisimama na kitambaa nikawa nafuta. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo kwamba liwe lenyewe. Sikujali ukweli hata kidogo, nilitaka tu aseme ndilo.

Alipomaliza aliuondoa uso kwenye kioo. "Bado si lenyewe," akasema. "Lakini lilikuwa likija."

Tukaifunika mashine. Haikufunuliwa tena na mkono wake.

Sasa yeye yuko Manga, kwenye nyumba yetu karibu na ya mamake, na mimi nimebakiza miaka michache ya kufundisha, kwa hiyo nakaa Nyanchwa katikati ya wiki na kupanda nyumbani Ijumaa mchana. Lile tundu limefungika. Mwanga anaujua, kiza anakijua, na hapo ndipo mwisho. Mama mkwe, ambaye amezeeka lakini bado anachuma chai, humpeleka mpaka kwenye mtaro wa maji na kumwacha apalilie kwa mkono, naye hujua mche na magugu kwa vidole. Mashine iko Nyanchwa chini ya leso. Hakuna mtandao wa maana kule ukingoni, na hata ungekuwapo, wa kazi gani.

Mwanzoni, tukikaa nje Ijumaa jioni, nilimsimulia anga. Aliniomba, na nilidhani ninajua kazi hiyo, mwalimu wa Kiswahili mzima, aliyefundisha watoto wa watu kupamba insha. Nilimpa dhahabu, nikampa zambarau, nikampa jua linaloyaaga mawingu. Alinisikiliza kwa subira mpaka mwisho. Kisha akaniambia bila ukali kwamba hayo ni mawingu ya harusi, na kwamba kama nitamletea hayo ni heri ninyamaze. Niliumia. Nilikwenda jikoni nikajifanya ninatafuta chumvi. Nilikuwa nimemnyima kitu cha kweli nikidhani ninampa zawadi, na sikujua nifanyeje, kwa sababu mawingu ya kweli ya Manga mara nyingi hayana neno. Ni kijivu tu kimelala.

Nilijifunza. Nilisema tumbo limeanzia wapi, limenyooka au limechanika, mvua inaonekana kunyesha upande gani, chai inang'aa au haing'ai. Nilianza kuyaona mimi mwenyewe, miaka yote hii nikiwa nimeyapita nikikimbilia kuanua nguo. Wakati mwingine nikimsimulia natamani angeniita tena kutoka sebuleni, shahidi aje atazame. Ningeacha insha zote.

Ijumaa iliyopita nilifika nikakuta ukingo wote umefunikwa. Haikuwa mvua, ni ukungu uliopanda kutoka bondeni ukakaa. Kutoka kwenye benchi letu niliiona migomba ya karibu, na baada yake hakuna kitu. Chakula kilikuwa tayari. Mama mkwe alikuwa ndani akivaa kitambaa chake cha kichwa.

Aliniuliza jua liko wapi.

"Sioni," nikamwambia. "Ni ukungu."

"Wa kweli?"

"Wa kweli. Naishia kwenye migomba."

Alitikisa kichwa, akakaa vizuri kwenye benchi, mabega yakamlegea. Alisema basi leo tumo ndani ya ndege moja. Alifurahi, niliisikia furaha hiyo, nami nikafurahi nayo. Tulikaa bega kwa bega, weupe mbele yetu sote wawili, na kwa kitambo hakuna aliyekuwa na zaidi ya mwenzake. Nilimkumbuka akipanda kwenye kioo chake, nikingoja kuambiwa vidole. Nilitamani ukungu ule ubaki mpaka giza.

Haukubaki. Upepo uliupasua chini kabisa, juu ya ziwa, na jua likatokea hapo kwenye mwanya, jekundu, limebanwa kati ya wingu na ukingo wa dunia. Nilinyamaza. Nilitaka tuendelee kuwa hivyo dakika moja zaidi.

"Limetokea," akasema.

"Umejuaje?"

"Umeacha kupumua." Alinyoosha mkono wake mbele, kidole kimoja kikiwa kimelala, akafumba jicho moja kama alivyozoea, ijapokuwa hakuna tena sababu ya kulifumba. "Niambie. Na usinipambie."

Nilimwambia kwamba wingu lina tumbo lililonyooka, rangi ya maji ya sufuria, na limeshuka mpaka karibu na ziwa. Kwamba jua liko chini yake, si la duara, limebonyea juu. Kwamba upande wa Nyamira hakuna kitu, ni kijivu. Mkono wake ulikuwa umeelekea mbali, kulia mno, kule ambako hakukuwa na jua. Niliushika, nikausogeza kushoto, nikaushusha kidogo, mpaka kidole chake kikakaa chini ya jua na kuijaza nafasi yote iliyobaki.

"Kimoja," nikasema.

"Kimoja," akasema.

Sikuuachia. Mkono ulianza kuchoka nikauhimili kwa wangu, mpaka jua likazama nyuma ya kidole na mwanya ukajifunga. Kisha nikamwambia Sabato imeingia, tukainuka, nikamshika kiwiko, tukaenda ndani kula.